Kitambulisho cha Ramlo Yarow

Kitambulisho cha Ramlo Yarow kilipotea Jumatatu, saa sita na robo mchana, mbele ya abiria sitini na mmoja na polisi wanne, na hakuna aliyekiona kikipotea.

Basi lilikuwa limetoka upande wa Diff, huko mpakani, alfajiri. Lilipofika kizuizi ambacho madereva hukiita Maili Saba, safari fupi kabla ya mji wa Garissa, lilisimamishwa kama yanavyosimamishwa yote. Abiria wakashushwa, wanaume mstari wao, wanawake wao. Konstebo mmoja akapita akikusanya vitambulisho, akavitia ndani ya katoni, akaenda kuvikagua mezani chini ya turubai. Alipomaliza akaanza kuita majina na kurudisha. Watu wakachukua chao, wakapanda. Mwishowe katoni ikawa tupu, na msichana mmoja akabaki amesimama mikono mitupu.

"Changu?" aliuliza.

"Nimerudisha vyote," konstebo akajibu.

Abiria mmoja alirekodi mabishano yao kwa simu. Kufikia jioni video hiyo ilikuwa imezunguka kaunti nzima ikiwa na maneno mafupi juu yake: polisi wameiba kitambulisho. Jumanne asubuhi jalada likatua mezani kwa Inspekta Wilkister Ajiambo wa upelelezi.

"Kama konstebo ni mwizi, mlete," mkubwa wake alimwambia. "Kama si mwizi, nataka kujua kadi ilikwenda wapi."

Wilkister alikuwa mtu wa Samia, kule Busia, na huu ulikuwa mwaka wake wa sita Garissa. Mwaka wa kwanza alihesabu siku za kungoja uhamisho. Tangu wa pili hakuhesabu tena. Alijua vizuri kitambulisho kina uzito gani huku. Mahali pengine ukikipoteza unapata usumbufu. Huku ukikipoteza, hata jina lako linatiliwa shaka.

Alifika Maili Saba saa tatu. Sajenti, mkuu wa kambi, alimpigia saluti.

"Mlalamishi yuko wapi?" Wilkister aliuliza.

"Yuko ndani, Afande."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya seli."

Wilkister alisimama. "Mlalamishi?"

"Hana kitambulisho, Afande. Hapa ni njia ya kutoka mpakani. Anaweza kuwa mtu wa ng'ambo."

"Kitambulisho alikuwa nacho, Sajenti. Mlikichukua ninyi."

Sajenti alitazama viatu vyake. Wilkister akaomba kitabu cha matukio. Kwenye ukurasa wa jana aliona jina la Ramlo na saa aliyofungiwa, saa saba kamili mchana. Mbele yake paliandikwa: "Anazuiliwa kwa uchunguzi." Kosa halikuandikwa.

"Uchunguzi wa nini?"

"Wa uraia wake."

"Umempigia nani simu kuuliza?"

Sajenti hakuwa amempigia mtu.

Seli ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha moja la wavu. Ramlo alikuwa ameketi juu ya begi lake, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi ya maabara katika zahanati moja ya kwao. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Ulielezwa sababu ya kukamatwa?" Wilkister aliuliza.

"Niliuliza mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa nisijifanye wakili."

"Uliruhusiwa kuzungumza na mtu?"

"Simu waliichukua. Mama yangu yuko hapo nje. Basi lilipoondoka alikataa kuondoka nalo." Alifungua begi akatoa bahasha. "Afande, mimi siombi mtu afukuzwe kazi. Naomba kadi yangu. Soma."

Ilikuwa barua ya hospitali moja ya Nairobi. Hamse Yarow, miaka ishirini na saba, angebadilishiwa figo siku ya Alhamisi. Mtoaji, dada yake Ramlo, alitakiwa kulazwa Jumatano kabla ya saa sita mchana, na asikose kubeba kitambulisho chake halisi cha taifa. Nakala isingekubaliwa.

"Kwa nini wanasisitiza halisi?"

"Wanahakikisha sikununuliwa. Sheria inataka wajue mimi ni dada yake kweli. Tulingoja nafasi hii miezi tisa. Ikipita, hawajui nyingine itapatikana lini. Na kaka yangu hana miezi tisa mingine."

Wilkister alirudisha barua kwenye bahasha taratibu. Akatoka nje, akapiga simu ofisi ya usajili, akasoma nambari ya kitambulisho iliyokuwa imechapwa kwenye barua. Akangoja. Baada ya dakika kumi na moja jibu likaja: Ramlo Yarow Abdow, mzaliwa wa Wajir Kusini, raia.

"Dakika kumi na moja," alimwambia sajenti. "Yeye amekaa humo saa ishirini. Fungua."

Sajenti alifungua. Ramlo alipotoka alikinga macho kwa jua.

"Anatoka kwa dhamana?" sajenti aliuliza.

"Anatoka kwa sababu hakupaswa kuingia. Sikiliza, Sajenti. Kumsimamisha mtu na kumwomba kitambulisho, una ruhusa. Kumfungia kwa kukosa kitu ulichokichukua wewe, huna. Na ukimkamata mtu yeyote, umwambie sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa, umruhusu azungumze na wakili, na kabla ya saa ishirini na nne awe mbele ya hakimu. Kifungu cha arubaini na tisa cha katiba. Ulikisoma chuoni kama mimi."

"Nilikisoma, Afande."

Kando ya tangi la maji, kwenye kipande cha kivuli, mwanamke wa makamo aliinuka. Alikuwa amejifunga mtandio mkubwa wa rangi ya manjano. Huyo ndiye Muslimo, mama yake Ramlo. Alimkumbatia bintiye kwa nguvu, akamshika uso kwa viganja viwili, akamgeukia inspekta.

"Abaayo, dada yangu, Mungu akulipe. Alhamdulillahi. Sasa turudi nyumbani."

"Hooyo, mama, nyumbani wapi?" Ramlo alisema. "Hamse anatungoja."

Muslimo aliukunja ukingo wa mtandio wake, akaukunjua, akaukunja tena. Wilkister aliona ni uchovu wa mzazi aliyekesha kwenye changarawe, akaenda kumhoji konstebo.

Konstebo Mutuku alikuwa kijana mrefu kutoka Mwingi, mwaka wake wa pili kazini. Alikuwa ameshaitazama ile video mara nyingi mno. Wilkister alimketisha chini ya turubai na kumwita Konstebo Bridget, askari wa kike wa kambi hiyo, awe shahidi.

"Mutuku, unashukiwa wizi. Si lazima ujibu. Ukitaka wakili, sema. Utakachosema nitakiandika."

"Nitajibu, Afande."

"Ulikiiba?"

"Sikukiiba."

"Uko tayari nipekue sanduku lako?"

"Pekua hata godoro."

Alipekua sanduku, godoro, mifuko, buti na kabati la bunduki. Hakupata kitu. Bridget akatia sahihi.

"Vitambulisho ulivipokea vingapi?"

"Sitini na viwili, Afande. Niliandika." Alitoa daftari dogo. "Napokea, naandika jina. Narudisha, natia tiki. Nilifundishwa hivyo na mjomba wangu, alikuwa karani wa stoo."

Wilkister alilifungua lile daftari. Majina sitini na mawili, kwa mwandiko wa mtoto wa shule anayeogopa mwalimu. Kila jina lilikuwa na tiki. Jina la thelathini na mbili lilikuwa Ramlo Yarow Abdow. Nalo lilikuwa na tiki.

"Hapa unasema ulimpa."

"Nilimpa, Afande. Niliita jina, mtu akaitika, mkono ukaja, nikaweka kadi."

"Mkono wa nani?"

Mutuku alilitazama daftari. "Nilikuwa natazama majina."

"Hukutazama uso?"

"Jua lilikuwa kali, basi lilikuwa linapiga honi. Sikutazama. Hilo ni kosa langu na nitalisema popote."

Wilkister alimtazama. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahoji wezi wengi, na mwizi huwa hakupi kosa dogo bila kulazimishwa. Akalisogeza daftari karibu na macho. Tiki zilikuwa za namna moja, fupi, kila moja imejitenga mbele ya jina lake. Isipokuwa mahali pamoja. Mbele ya jina la thelathini na moja na la thelathini na mbili palikuwa na tiki moja ndefu, iliyoanza juu na kushuka kuyafunika majina yote mawili kwa mvuto mmoja wa kalamu.

"Hii uliitia vipi?"

Mutuku aliinama. "Hizo nadhani nilitoa mbili kwa pamoja. Huwa inatokea. Mume anachukua na ya mke. Mzazi anachukua na ya mtoto."

Wilkister aliweka kidole kwenye jina la thelathini na moja. Hakulisoma kwa sauti.

"Bridget," alisema, "vitambulisho vikirudishwa, Ramlo alikuwa wapi?"

"Kwenye hema langu, Afande. Nilikuwa nawapekua wanawake mmoja mmoja na mizigo yao. Yeye alikuwa na begi la karatasi za hospitali, nikachelewa kuzipitia. Alipotoka, Mutuku alikuwa ameshafika majina ya mwisho."

"Kwa hiyo jina lake lilipoitwa hakuwa mstarini."

"Asingeweza kuwa mstarini, Afande."

Wilkister alifunga daftari. Hakusikia ile furaha ndogo anayoisikia mpelelezi uzi unapofunguka. Alimkumbuka mwanamke wa kando ya tangi. Tangu asubuhi Muslimo alikuwa amemshukuru, amemwombea dua, amewaletea askari chai ya maziwa kutoka kibanda cha jirani. Jambo moja tu hakulifanya. Hakuuliza hata mara moja kama kadi imepatikana.

Alimtuma Bridget akakae na Ramlo upande wa pili wa kambi. Yeye akaenda akaketi juu ya jiwe, karibu na Muslimo, bila kofia.

"Mama, kadi yako unayo?"

"Ninayo."

"Ulipewa na nani?"

"Yule kijana. Mrefu."

"Alikupa ngapi?"

Muslimo alitazama barabara. Lori la mbuzi lilikuwa likipunguza mwendo kwenye kizuizi.

Wilkister aliinua mkono. "Ngoja, mama. Kabla hujajibu. Nimeanza kuamini kwamba unajua kadi iko wapi, kwa hiyo sasa lazima nikuambie haya. Si lazima useme lolote. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili, hata kama huna wa kwako. Ukisema, nitaandika, na yanaweza kusomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Kunyamaza ni haki?"

"Ni haki. Iko kwenye katiba."

Muslimo alitikisa kichwa polepole. "Mimi nimenyamaza tangu jana," alisema. "Kunyamaza imenichosha."

Alilitafuta fundo lililokuwa ubavuni, ndani ya mtandio, akalifungua kwa meno na vidole. Kadi mbili zikatoka. Aliziweka kwenye kiganja cha inspekta. Zilikuwa na joto la mwili wake.

"Nilitoka nyumbani bila kufikiri hii," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alichojifunza kwa kuwauzia walimu na maofisa maziwa, na p mara nyingine ilimtoka kama b. "Wallahi sikufikiri. Kijana aliita mimi, nikachukua. Akaita Ramlo, yeye iko kwa hema, nikasema hapa, nikachukua. Mama anachukua ya mtoto wake, hiyo si wizi."

"Si wizi."

"Halafu nikaona picha yake. Ndogo hivi. Kadi iko kwa mkono yangu. Nikafikiri, hii kadi ikikosa, hawezi kwenda Nairobi. Wakisema rudi, atarudi. Nikafunga kwa nguo. Dakika moja tu, abaayo. Mtu anakuwa mwizi kwa dakika moja."

"Hamse je?"

Macho yake yalijaa, lakini hakuyafuta.

"Nilizaa watatu. Sahro alikuwa mkubwa. Alienda hosbitali kuzaa, mtoto alikataa kutoka, wakasema tumbasue. Nikaweka kidole kwa karatasi. Mimi, kidole hii. Aliingia kwa mlango akiongea na mimi, akatoka amefunikwa. Yeye na mtoto wake. Sasa Hamse ni mgonjwa, hiyo Mungu ameandika. Ramlo ni mzima. Ramlo hana hata homa. Nani anachukua mtoto mzima anambeleka kwa kisu? Nina wawili. Wakiingia wote kwa ule mlango siku moja, mimi naweza kubaki na nani?"

Lori la mbuzi liliruhusiwa, likaondoka. Wilkister alingoja sauti yake ipotee.

"Mbona hukusema walipomfungia?"

"Nilifikiri watasema rudi nyumbani. Walisema seli. Nilisimama kusema, lango likafungwa. Nikasema nitasema asubuhi. Asubuhi simu zimejaa, watu wote wanasema bolisi ni mwizi, kijana yule anatetemeka. Nikaona nikisema, aibu itanimeza. Kila saa ilikuwa ngumu kushinda ile ya kwanza."

Wilkister aliandika yote, akamsomea, akamweleza kwa Kisomali kidogo alichokuwa nacho pale ambapo Kiswahili kilimkwama. Muslimo aliweka dole gumba chini ya maelezo.

"Sasa utaniweka seli?"

"Mwenye malalamiko ni binti yako. Lazima ajue. Na ni wewe utakayemwambia. Kazi hiyo mimi siwezi kukufanyia."

Ramlo aliitwa. Alipoziona kadi mkononi mwa inspekta uso ulimng'aa, kisha akamwona mamake, na ule mng'ao ukasimama njiani. Muslimo alizungumza kwa Kisomali, maneno machache, akitazama mchanga. Alimwita bintiye hooyo, mama, vile akina mama wa huko wanavyowaita wana wao kwa jina lao wenyewe.

Ramlo aliketi chini.

"Nililala kwenye mabati," alisema kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka inspekta naye asikie. "Nilikuwa nawalaani watu wasio na kosa."

"Najua," Muslimo alisema.

"Ungeniuliza tu, hooyo."

"Ungesema nini?"

"Ningesema naogopa pia. Tangu mwezi wa kwanza naogopa. Kila siku namkumbuka Sahro. Sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu nilidhani nikikuambia wewe utanizuia."

Muslimo aliinuka kutoka pale kwenye jiwe, akapiga magoti mchangani, akamvuta bintiye kifuani. Wilkister aliwapa kisogo, akaenda kusimama kando ya turubai akijifanya anasoma karatasi. Aliwasikia wakilia, kisha wakizungumza, kisha wakilia tena lakini kwa namna nyingine.

Walipomfuata, ilikuwa saa sita kasoro. Ramlo aliandika taarifa ya kuondoa malalamiko ya wizi dhidi ya mtu yeyote. Ya kufungiwa hakuyaondoa, na Wilkister hakumwomba ayaondoe.

"Basi la Nairobi linapita saa ngapi?" Ramlo aliuliza.

"Saa saba," sajenti alijibu. "Nitalisimamisha mimi mwenyewe." Akasita. "Dada, jana nilikukosea. Sina neno zuri la kuliweka. Nilikukosea tu."

Ramlo alimtazama kwa muda. "Nimesikia," alisema.

Basi lilipofika, abiria walishuka. Safari hii Mutuku hakushika katoni. Alipita mstarini na kumwomba kila mtu kadi yake, akaitazama, akautazama uso, akairudisha papo hapo, na kusema asante. Alipofika kwa Muslimo, mama huyo alimshika mkono.

"Kijana, nisamehe. Nilikuacha ubebe jina yangu ya mwizi."

"Nimekusamehe, mama. Safari njema. Mwambie Hamse tunamwombea."

Alasiri hiyo Wilkister aliandika ripoti yake. Aliandika kwamba Konstebo Mutuku hakuiba, na kwamba daftari lake ndilo lililofumbua kesi. Aliandika pia kwamba alirudisha kitambulisho bila kumtazama mpokeaji, na kwamba raia asiye na kosa alizuiliwa saa ishirini bila kuambiwa sababu. Kabla ya kuituma alimpa Mutuku asome.

Kijana alisoma hadi mwisho. "Asante, Afande."

"Unanishukuru na lile lingine nimeliandika?"

"Kwa kuwa umeandika yote mawili. Ungeandika lile zuri peke yake, nani angeliamini?"

Alhamisi saa kumi jioni simu ya Wilkister iliita. Nambari hakuijua. Nyuma ya sauti palisikika magurudumu ya vitanda na watu wakiitana.

"Abaayo, ni mimi. Muslimo."

Wilkister alisimama bila kujua. "Sema, mama."

"Nilikaa katikati ya milango miwili. Ramlo huku, Hamse huku. Walileta karatasi, nikaweka kidole. Kidole ile ile. Ramlo akanishika bega, akasema hooyo, sasa tunaogopa pamoja. Akaingia." Alivuta pumzi. "Ametoka. Amefungua macho, ameomba chai, wamemkataza."

"Na Hamse?"

Wilkister alikaza simu sikioni. Kisha akamsikia yule mama akicheka na kulia kwa pamoja, bila kujali nani anamsikia katika ukumbi ule wa hospitali.

"Miezi kumi na nne hakubata hata tone, abaayo. Mashine tu ilikuwa inasafisha damu yake. Sasa hivi daktari ametoka kuniambia, na mimi nikasema wa kwanza kumwambia ni wewe. Hamse amekojoa. Mfuko umejaa. Alhamdulillahi, amekojoa."